Bwana Chubwi na Bata wa Kijani

Aliyetaka kuzungumza na mpima visima wa mji ule ilimbidi kwanza anyamaze. Akiwa kazini hakujibu salamu. Aliinua kidole kimoja juu, na barabara nzima ikatulia: muuza mkaa akaacha kunadi, mama akamziba mtoto mdomo. Kisha aliinama juu ya kisima, akafumba jicho moja, jambo ambalo halikumsaidia chochote kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya masikio, akateremsha utepe wake wa chuma. Kwenye mwisho wa utepe kulining'inia kikombe cha shaba kilichopinduliwa, mdomo chini. Kikombe kikigusa maji kililia chubwi. Hapo alibana utepe kwa kidole, akasoma, akaandika, akateremsha kidole cha kunyamazisha watu, na mji ukaendelea na maisha yake.

Ndiyo sababu aliitwa Bwana Chubwi, na wapo waliomwita hivyo miaka mingi bila kujua kama ana jina jingine.

Nyumbani jina hilo halikutamkwa. Nyumbani aliitwa Baba Mdogo, kama ilivyostahili, maana alikuwa kitinda mimba wa ukoo wenye heshima zake, na aliishi katika chumba cha uani cha nyumba ya marehemu kaka yake. Nyumba hiyo sasa ilikuwa chini ya shemeji yake, mjane wa kaka. Shemeji alikuwa mwanamke aliyesoma, akafundisha, akasimamia shule ya wasichana mpaka akastaafu, na hakuona kwa nini ndugu wa mumewe aitwe kwa mlio wa kitu kilichotumbukia.

Tabia yenyewe ilianza utotoni. Kabla hajaweza kuhesabu vizuri alikuwa ameshatumbukiza kisimani kijiko cha mama yake, ufunguo wa kabati, kiatu cha kushoto cha baba yake, na siku moja miwani ya mjomba aliyekuja kuwajulia hali, ambaye ilibidi arudishwe kwake kwa kushikwa mkono. Alichapwa, akalia, akanyamaza, akatafuta kitu kingine cha kutumbukiza. Alipenda kusikia maji yanasemaje. Mwishowe kaka yake, ambaye alikuwa mtu wa busara, akasema: "Huyu hataacha. Tumtafutie mahali atumbukize kwa ruhusa." Akamwandikia barua ya maombi katika ofisi ya maji, na mtoto wa watu akapata kazi.

Hakuoa. Alikwenda kuposa mara moja, amevaa vizuri, amefuatana na wazee wake. Baba wa binti akajisifia kisima chake, na Baba Mdogo, ambaye utepe wake hakuuacha nyumbani hata siku hiyo, akaomba kukiona. Alipoinua kichwa akatangaza, kwa nia njema kabisa, kwamba kisima cha mkwe hakitafika mwisho wa kiangazi.

"Umekuja kuposa au kukagua?" mzee akauliza.

"Kuposa," akajibu. "Kukagua kumejitokeza tu."

Walirudi nyumbani chai haijaiva. Kisima kilikauka kweli, na hapo ndipo wale watu walipomchukia moja kwa moja.

Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa katika jengo la ghorofa moja karibu na soko. Kwa hakika zilikuwa ofisi mbili. Moja ilisimamia mto, mabwawa na mifereji, nayo iliitwa Ofisi ya Maji ya Juu. Ya pili ilisimamia visima na chemchemi, ikaitwa Ofisi ya Maji ya Chini. Aliyegawa vyumba, Mungu amsamehe, aliweka Maji ya Juu chini na Maji ya Chini ghorofani. Wageni walipanda na kushuka ngazi wakitukana polepole. Kila ofisi ilikuwa na sheria yake, muhuri wake na ramani yake. Ramani ya chini ilionyesha mto bila kisima hata kimoja, na ramani ya ghorofani ilionyesha visima vimetapakaa katika nchi isiyo na mto.

Paa lilikuwa linavuja. Mvua ikinyesha, maji yalidondokea ghorofani katika Maji ya Chini, yakapenya sakafu, yakadondokea meza ya mkuu wa Maji ya Juu. Mkuu wa chini aliandika barua kulalamika. Mkuu wa ghorofani akajibu kwamba maji yaliyo juu ya sakafu ni maji ya juu, hivyo hayamhusu. Wa chini akajibu kwamba yakishapenya sakafu yamekuwa maji ya chini, hivyo yeye pia hayamhusu. Barua zilipitia posta, ingawa wakuu hao walipishana ngazini kila asubuhi na kuulizana habari za watoto. Wakati huo ndoo iliwekwa katikati ya ngazi, ikahesabiwa kuwa mali ya wote wawili, na Bwana Chubwi ndiye aliyekuwa akiimwaga.

Basi ikaja amri kutoka mkoani. Kiangazi kile mto ulikuwa umesinyaa mpaka vijana wakauvuka bila kuvua viatu, na malalamiko yalikuwa yamezidi. Mkoa ukataka mji utengeneze mpango mmoja wa maji yote, ya mto na ya visima pamoja, na watumiaji wakae meza moja. Kisima kitakachoonekana kuwa na uhusiano na mto kitaingia katika mpango, na pampu yake itapangiwa saa za kupumzika. Kisima kisicho na uhusiano kitaandikwa kisima huru, na mwenyewe ataendelea kama kawaida.

Amri hiyo ilipofika nyumbani kwao kilimani, Shemeji aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Hii haituhusu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, au angalau alikuwa na jiwe. Kisima cha ukoo kilichimbwa na baba mkwe wake juu ya kilima, kwenye mwamba, na kwenye ukingo mzee huyo alichonga maneno ambayo kila mtoto wa nyumba ile aliyajua kabla ya jina lake mwenyewe: MAJI HAYA HAYAKUTOKA KWA MTU. Maana yake ilikuwa kwamba maji yale hayakuombwa wala hayakuchotwa kwa jirani, hayakuhusiana na bonde wala na ule mto ambao watu walioshea magari. Yalitoka mwambani, yakaingia kisimani, yakainuliwa na pampu ya ukoo, yakanywesha miche ya matunda ya ukoo. Heshima yote ya nyumba ile ilikaa juu ya ukingo huo. Ukoo mwingine ulikuwa na mashujaa, mwingine matajiri. Wao walikuwa na maji yasiyotoka kwa mtu.

Na Bwana Chubwi, aliyekuwa amesikiliza kila kisima cha mji, hicho hakuwahi kukipima. Shemeji alikataa. "Kisima chetu hakipimwi kama homa," alisema, na shauri likaishia hapo.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa halmashauri. Upande wa mto walikaa waosha magari, wafyatua matofali, wakulima wa mboga, na mbele yao mfuga bata ambaye wote walimwita Mama Bata, mwanamke mnene mwenye sauti iliyoweza kuvuka mto bila daraja. Upande wa visima walikaa watu wa kilimani, na mbele yao Shemeji, mkoba magotini. Katikati alikaa mhandisi wa mkoa, mwanamke kijana mwenye miwani, aliyeonekana kutamani kupumzika.

"Pampu zenu zinanguruma kutwa," Mama Bata alisema. "Kila zikinguruma, mto unapungua. Bata wangu siku hizi wanatembea. Bata, ndugu zangu, anatembea kwa miguu mtoni."

"Miguu alipewa na Mungu," Shemeji akajibu. "Kisima chetu kiko juu ya mwamba. Na mto wenu tunausikia tu kwa jina."

"Bibi mkubwa, chini ya ardhi umeingia lini ukaona?"

"Nilisoma."

"Mimi nimeishi mtoni. Nani kati yetu ana miguu iliyolowa?"

Mhandisi akaingilia kati. Alisema iko njia ya kumaliza ubishi huo bila kuvunjiana heshima. Ipo rangi isiyodhuru mtu wala mnyama. Huwekwa kidogo kisimani, kisha watu huangalia mtoni. Rangi ikitokea, kuna njia. Isipotokea, hakuna.

"Na nani ataiweka?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Mtu wao au mtu wetu?"

Kila upande ukawataja watu wake, kila upande ukawakataa wa wenzao. Hatimaye Mama Bata akainuka. "Aiweke Bwana Chubwi," alisema. "Najua ni wa nyumba ile. Lakini huyu hawezi kumdanganya hata kuku. Akijaribu kusema uongo masikio yanacheza."

Watu wote wakageuka kumtazama masikio. Yalikuwa yametulia. Wakampitisha.

Shemeji alitoka ukumbini ameridhika. Kwake mambo yalikuwa yameisha: rangi itaingia kisimani, itakaa kisimani, na jina la ukoo litaandikwa katika karatasi za mkoa kuwa huru. Bwana Chubwi naye aliridhika, kwa sababu aliamini vivyo hivyo tangu alipojifunza kusoma lile jiwe. Jambo moja tu lilimtia hofu. Heshima ya marehemu wote wa nyumba ile sasa ilikuwa mkononi mwake, na mkono wake ulizoea kubeba kikombe tu.

Mhandisi alimpa kopo lenye kifuniko, glavu za mpira na kijiko. "Kijiko kimoja tu, baba," alimwambia. "Kimoja kinatosha kabisa. Na usivue glavu."

Glavu alizivua kabla hajafika kilimani, kwa kuwa zilimzuia kuuhisi utepe, na bila utepe mkononi alijiona uchi. Shemeji alikuwa anamsubiri kisimani, amevaa kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akatazama ndani ya kopo. Unga ulikuwa mwekundu kama vumbi la matofali.

"Kijiko kimoja, Baba Mdogo?"

"Ndivyo alivyosema mhandisi, shemeji."

"Cha chai?"

"Cha chai."

"Kisima cha baba mkwe wangu kitiwe kijiko cha chai, kama kikombe cha mgonjwa." Akasogeza kijiko pembeni. "Wa mtoni wakisikia watasemaje? Si watasema tuliogopa, tukatia kidogo rangi isionekane?"

"Ameniambia ni rangi kali."

"Kali kwa visima vya watu. Hebu nikuulize. Maji ya hapa yanakwenda popote?"

"Hayaendi."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Basi kama hayaendi popote, kijiko na kopo vina tofauti gani?"

Bwana Chubwi aliitafuta tofauti hiyo kwa unyofu. Alitazama kijiko, akatazama kopo, akatazama jiwe la ukingo na maneno ya baba yake. Hakuiona. Kwa mtu aliyekuwa na hakika, kweli hapakuwa na tofauti. Tena kopo lilionekana kuwa jambo la kiungwana zaidi. Akaligeuza lote, akaligonga chini mara kadhaa ili lisibaki kitu.

Upepo mdogo ulipita wakati huohuo, ukamrudishia sehemu yake mikononi na kwenye sharubu. Alijifuta vumbi hilo jekundu, akaenda bombani kunawa. Maji yalipogusa mikono, ikawa kijani.

Haikuwa kijani ya kawaida. Ilikuwa ya kung'aa, kama ya chipukizi la mgomba lililopigwa na jua. Alisugua kwa sabuni, ikakolea. Akasugua kwa mchanga, kwa limau, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Mikono ikanuka kila kitu na kubaki kijani. Sharubu alizinyoa, mdomo wa juu ukabaki na mstari wa kijani, kama mtoto aliyekunywa dawa.

"Utavaa glavu za marehemu," Shemeji akasema, akamtolea kutoka sandukuni glavu za ngozi ambazo mumewe alivaa akiendesha gari. "Na mdomoni jifunike leso. Watu wakiuliza, una mafua."

Kwa siku kadhaa Bwana Chubwi alipima visima akiwa na glavu za ngozi na leso mdomoni. Alipoinua kidole kunyamazisha watu, walimdhania mwizi aliyechelewa kukimbia, na mama mmoja alimpa mkoba wake bila kuombwa. Kila jioni alikwenda kuchungulia kisima cha ukoo. Maji yalikuwa yanang'aa kijani, yametulia. Shemeji alichungulia naye.

"Unaona? Hayajaenda popote."

"Hayajaenda," akakubali, ingawa alihisi kijani imepungua kidogo kuliko jana. Alijiambia ni macho. Macho hakuwahi kuyaamini sana.

Asubuhi iliyofuata ikapigwa hodi, na hodi yenyewe ilitikisa vyombo jikoni. Alikuwa Mama Bata. Kwapani amebana kitu kilichofunikwa kanga.

"Karibu," Shemeji akasema, kwa sauti ambayo ilimwacha mgeni palepale mlangoni.

"Sikai. Nimekuletea mgeni." Akafunua kanga. "Huyu nani?"

"Ni bata."

"Wa rangi gani?"

Shemeji akatazama kwa muda. "Mimi si mtaalamu wa bata."

"Jana jioni alikuwa mweupe. Alfajiri nimefungua banda, wameteremka mtoni wote, wamerudi kama mchicha. Banda zima. Najiona nafuga mboga."

"Labda wamekula majani."

"Majani yanaingia mdomoni, bibi mkubwa. Hayavaliwi."

Bata aligeuza shingo, akamtazama Bwana Chubwi aliyekuwa amesimama nyuma ya shemeji yake, kisha akatoa sauti fupi, kama anayemtambua. Mama Bata akafuata macho ya bata.

"Na wewe Bwana Chubwi, glavu za nini?"

"Baridi."

"Kiangazi hiki?"

"Ni ya mikono tu."

Masikio yalicheza. Mama Bata aliyaona, akamfunika bata wake taratibu, kama mtu anayefunika chakula ili kisipoe. "Tutaonana ukumbini," alisema, akashuka kilima bila haraka yoyote.

Alipoondoka walishuka hadi kwenye ukuta wa chini kutazama bonde. Kuanzia kwenye kona ya mto, pale maji yalipochuruzika chini ya mwamba, mto ulikuwa kijani mpaka macho yalipoishia. Waosha magari walikuwa wameweka ndoo chini, mikono kiunoni. Gari la mkurugenzi wa halmashauri, lililokuwa jeupe, lilikuwa nusu jeupe.

Shemeji alikaa juu ya ukuta. Bwana Chubwi hakuwahi kumwona akikaa juu ya ukuta.

"Baba yenu alilichonga lile jiwe mwenyewe," akasema. "Nimewafundisha watoto wangu kusoma kwa lile jiwe. Sasa mtoto wa mtu atapita pale akicheka."

"Shemeji, tuseme nini?"

"Sikwambii useme uongo. Nyumba hii haisemi uongo. Nakwambia tu usiharakishe kusema."

Bwana Chubwi akaitikia, kisha akazihesabu njia zake. Akisema kijiko, masikio yatamwumbua. Akisema kopo, ataonekana mpumbavu, na mji utauliza upumbavu huo ulitoka nyumba gani. Akisema lote lilivyokuwa, atakuwa amemvua nguo mke wa kaka yake mbele za watu. Hakuiona njia ya nne.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Bata alikuja na kapu, na ndani ya kapu mlitoka vichwa vya kijani vikitazama huku na huku. Mkurugenzi akaomba bata watolewe nje. Mama Bata akasema ni vielelezo, na mhandisi, baada ya kufikiri, akakubali kwamba ndivyo walivyo.

"Mpima visima asogee," mhandisi akasema. "Inua mkono wa kulia, uahidi kusema kweli."

Akainua mkono wenye glavu.

"Bila glavu, baba."

Kimya kiliingia ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukipata kwa kidole. Alivuta glavu ya marehemu kidole kwa kidole, akijaribu kutoharakisha kama alivyoagizwa, mpaka vidole vikaisha. Kisha akainua juu mkono wa kijani.

Bata wote walipiga kelele kwa pamoja. Baadaye watu walibishana kuhusu mengi, lakini hilo hakuna aliyelikana. Ukumbi ukaangua kicheko. Mfyatua matofali mmoja alicheka mpaka akatolewa nje kupepewa.

"Uliweka kiasi gani?" mhandisi akauliza watu walipotulia.

Bwana Chubwi alimtazama shemeji yake. Alikuwa ameketi wima, mkoba magotini, macho mbele, kama anavyokaa mtu anayesubiri sindano.

"Kopo," akasema.

"Kopo zima?"

"Niligonga chini pia."

"Kwa nini, baba yangu? Nilikuambia kijiko."

"Nilikuwa na hakika maji hayaendi popote." Akaongeza: "Nilifikiri mwenyewe. Hakuna mtu aliyenishauri."

Masikio yote mawili yakacheza kama mabawa ya kuku anayeoga vumbini, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Shemeji.

Shemeji akasimama. Aliweka mkoba juu ya kiti, akanyoosha gauni. "Baba Mdogo hakumimina peke yake," alisema. "Alimimina kwa niaba ya nyumba yetu. Nyumba yetu haikuwa na cha kuficha, na nadhani mnaona kwamba haikuficha." Hata Mama Bata alitikisa kichwa kukubali hilo. "Sasa naomba mhandisi anifafanulie jambo moja. Maji yametoka wapi, yamekwenda wapi?"

"Yametoka kisimani kwenu, mama, yakapita katika nyufa za mwamba, yakatokea mtoni kwenye kona."

"Hayakutoka mtoni kuja kwetu?"

"Hapana. Kiangazi hakuna mvua. Mto unaishi kwa maji yanayoteremka chini kwa chini kutoka kilimani. Masika, mto ukijaa, maji hurudi kidogo kwenye visima vya bondeni, na hapo..."

Sehemu ya masika Shemeji hakuisikia. Alikuwa ameshaanza kurefuka. Walioketi karibu naye waliapa kwamba aliongezeka kimo palepale.

"Kwa hiyo maji yetu bado hayakutoka kwa mtu," akasema polepole, kama anayelisomea darasa. "Ila huu mto ndio unaokunywa kwetu. Andikeni hivyo. Andikeni kwamba mto huu, miaka yote, umelelewa na kisima cha baba mkwe wangu."

Ukumbi ulivurugika. Wa kilimani walipiga makofi bila kujua kama wameshinda. Waosha magari walitazamana. Bwana Chubwi alibaki na mkono juu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aushushe.

Ni Mama Bata aliyetulia. Alimpapasa bata mmoja kichwani, akangoja kelele zipungue, ndipo akasema kwa upole ambao haukuwa wake.

"Sawa, bibi mwenye mto. Nimekubali. Mto ni mwanenu, mmeulea wenyewe. Basi nieleze mimi nisiyesoma. Huyo mtoto wenu kiangazi amekonda, mbavu zinaonekana, hata bata wanamkanyaga. Na ninyi huko juu pampu inanguruma kutwa. Nyumba yenye heshima kama yenu inamnyima mtoto chakula?"

Kicheko hakikutoka.

"Ndivyo ilivyo kitaalamu," mhandisi akaongeza kwa sauti ndogo. "Kila ndoo inayovutwa juu ni ndoo isiyofika chini."

Shemeji alifungua mdomo. Bwana Chubwi, aliyekuwa amemsikiliza mwanamke huyo kwa miaka mingi kwa makini yaleyale aliyosikilizia visima, alijua kabisa alichokuwa anapima kichwani. Akikataa, atakuwa ameukana mto, na pamoja nao sifa aliyojipatia sasa hivi, mbichi, haijakauka. Akikubali, pampu ya ukoo italala.

"Sisi," akasema hatimaye, "hatujapata kumnyima mtu wetu." Akasogea mezani, akachukua kalamu kabla ya kiongozi yeyote, akatia saini mpango wa pamoja: pampu zote za kilimani zipumzike mchana wa kiangazi, wa mtoni nao waache kuuziba mto kwa magunia ya mchanga ili kujikusanyia maji. Alipomaliza akampa kalamu Mama Bata, akimwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini, kama anavyomwonyesha mwanafunzi aliyejitahidi. Kisha akageuka. "Baba Mdogo, shusha mkono."

Halmashauri iliona kwamba kumwaga kopo zima hakuwezi kupita hivihivi. Ikaamua Bwana Chubwi awaoshe bata mpaka warudi weupe. Basi kila jioni baada ya kazi alishuka mtoni, akakunja suruali, akasugua bata mmoja baada ya mwingine, mikono ya kijani juu ya manyoya ya kijani, huku Mama Bata ameketi juu ya kigoda akimwonyesha penye madoa. Bata walipoteza rangi mapema kuliko yeye. Aliendelea kuwaosha hata hivyo, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Siku moja aliteremsha kikombe chake mtoni kwa mazoea tu. Kililia palepale.

"Kinasemaje?" Mama Bata akauliza.

"Maji yako karibu," akajibu, na masikio hayakucheza.

Ofisi mbili ziliunganishwa, angalau katika karatasi, na sasa zina ramani moja ambayo mto na visima vinaonana. Paa bado linavuja. Ndoo imebaki ngazini, imeandikwa upya kwa rangi: MPANGO WA PAMOJA.

Kisima cha ukoo sasa hupimwa kama vingine. Shemeji husimama pembeni Baba Mdogo akipima, na hakuna anayenyamaza vizuri kumzidi. Kuhusu lile jiwe, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akamwita mchonga mawe. Alimwagiza aongeze mstari mmoja tu chini ya maneno ya baba mkwe: YANAKWENDA KWA WATU. Mama Bata alipopanda kilima kuutazama, alizunguka ukingo mara mbili, akasema mstari ni mzuri lakini haujakamilika.

Walibishana mchana kutwa, pampu ikiwa imelala kwa mujibu wa mpango. Jioni mchonga mawe akaitwa tena. Nafasi ilikuwa imebaki ndogo, hivyo ilimbidi achonge kwa herufi za kubana, na anayetaka kuzisoma lazima ainame kabisa: NA BATA.